Vyombo vya simenti: kazi ya mikono kwa familia zilizohamishwa

Kolwezi inajua uchungu wa kuhamishwa. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika miji ya Katanga, Kolwezi ikiwemo. Mwaka 2017 familia za mtaa wa Kasulo ziliondolewa ili kobalti ichimbwe. Anayehama huanza upya, mara nyingi bila shamba wala mtaji. Kazi moja inayoweza kuanzia uani ni kutengeneza vyungu vya maua, vinara vya mishumaa na visahani vya sabuni kwa simenti.

Hatua ni hizi:

1. Chekecha mchanga safi. Changanya sehemu 1 ya simenti na sehemu 2 za mchanga vikiwa vikavu, kisha tia maji kidogo kidogo. Maji mengi hudhoofisha chombo.

2. Chukua kopo kubwa na kopo dogo, moja ndani ya jingine. Paka mafuta, jaza katikati, gongagonga ili hewa itoke.

3. Ngoja saa 24 ndipo utoe chombo. Kifunike kwa gunia lenye maji kwa siku 7. Simenti hupata nguvu kwa unyevu. Ikiachwa juani mapema hupasuka.

Jihadharini na mchanga. Mabaki ya viwanda vya shaba, kama yale ya Kingamyambo na bonde la mto Musonoi, huonekana kama mchanga mzuri wa bure. Lakini yana shaba, kobalti na madini mengine, na vumbi lake hudhuru mapafu, hasa ya watoto. Chukueni mchanga mbali na migodi, upande wa juu wa mto. Hata hivyo vyombo hivi si vya chakula.

Simenti mbichi huchoma ngozi. Vaeni glavu, fungeni kitambaa puani, watoto wakae mbali.

Kwa viongozi: kikundi kiwe na wenyeji pamoja na waliohamishwa. Mwenyeji anajua soko. Mgeni huenda alikuja na ufundi wake. Kila mauzo yaandikwe katika daftari moja, lisomwe mbele ya wote kila juma. Fedha isiyoonekana huleta shaka, na shaka hutafuta kabila la kulaumu. Kidole kimoja hakivunji chawa.