Kubadilisha redio ikiwa hewani

Msomaji mmoja ameuliza: "Nina kidude cha USB cha kupokelea runinga, nimekichomeka kwenye laptopu nasikiliza FM. Nikitaka kumsikia rubani akizungumza na mnara, lazima nizime programu nianze upya?"

Si lazima. Tangu 2012 watu wamekuwa wakivitumia vidude hivi vyenye chipu ya RTL2832U kutoa namba ghafi za wimbi badala ya picha. Hutoa hata jozi 2,400,000 za namba kila sekunde, na kazi iliyobaki ni ya programu. Kwenye GNU Radio, programu huru aliyoianzisha Eric Blossom mwaka 2001 kwa ufadhili wa John Gilmore, namba hupita bloku kwa bloku: moja inachuja, nyingine inapunguza wingi wa namba, nyingine inatoa sauti, ya mwisho inapeleka kwenye spika. Mpangilio huo mzima nauita mkondo.

Kuhama stesheni ndani ya FM ni kubadilisha namba moja tu, na mkondo hautikisiki. Ila marubani, kati ya 118 na 137 MHz, huongea kwa AM, njia nyingine ya kubebesha wimbi sauti. Hapo inaonekana bloku ya kutoa sauti yenyewe inapaswa kung'olewa, huku namba zikiendelea kumiminika.

Fikiria vijana wanaomwaga zege la ghorofa. Wamejipanga kwenye ngazi, wanapokezana makarai. Nyapara anataka kumtoa kijana wa katikati. Akimvuta tu, karai lililo njiani linamwagika. Kwa hiyo anapaza sauti: "Simama!" Kila mtu anabaki na alichoshika, mmoja anatoka, mwingine anaingia, kisha: "Twende!" GNU Radio ina amri mbili za kazi hiyohiyo, lock na unlock, na katikati yake ndipo unapokata na kuunga bloku. Lakini mashine ya zege kule chini haimsikilizi nyapara, inazidi kumwaga. Antena nayo ni hivyo: mkondo ukisimama muda wa kutosha, namba zinazokosa pa kukaa zinapotea.

Halafu kuna jambo linalonifurahisha kuliko yote: kijana mpya anaingia mikono mitupu. Chukua kichujio chenye vizidishi 65. Ili kitoe namba moja, kinazidisha namba iliyofika sasa pamoja na 64 zilizoitangulia, kila moja kwa kizidishi chake, kisha kinajumlisha. Maana yake kichujio kina kumbukumbu, na hiyo kumbukumbu ndiyo kazi yake. Ukikiweka kipya, mahali pa zile 64 pana sifuri, kwa hiyo majibu yake 64 ya kwanza ni mabichi. Kwa kasi ya namba 240,000 kwa sekunde, ubichi huo unadumu takribani milisekunde 0.27, lakini spika inaweza kuutoa kama "tap!" kali. Bloku ya FM nayo inakumbuka, kwani hupima wimbi limezunguka kiasi gani tangu namba iliyopita. Ndiyo maana ugumu hauko kwenye kuunga waya za programu. Uko kwenye kumbukumbu ambayo kila bloku imeibeba na haimwachii mrithi wake.

Ukibadilisha vizidishi tu bila kugusa idadi yake, kichujio kinabaki na namba zake 64 na kazi inaendelea. Wazoefu hupenda njia hiyo, nami nawaunga mkono.

Lakini kutoka FM kwenda AM hakutoshi kubadilisha vizidishi. Kwa hiyo, ndugu msomaji, usiing'oe bloku ya FM. Jenga matawi yote mawili tangu mwanzo, la FM na la AM, uweke bloku ya kuchagua mbele ya spika. Ukihamia kwa marubani, badilisha masafa, geuza chaguo, basi. Hakuna bloku iliyosimamishwa. Prosesa itafanya kazi ya ziada, kwa sababu tawi usilolisikiliza nalo linahesabu. Na kabla ya kuwasikiliza marubani, soma sheria ya mawasiliano ya nchi yako.