Timu ya Besiboli ya Kusafiri: Mzazi Achague Vipi?

Mwenye kalamu na karatasi na aziweke karibu, kwa maana leo tutafanya hesabu kidogo.

Somo letu linawahusu hasa wazazi wenye kusema Kiswahili walioko Marekani, ambao watoto wao wameupenda mchezo wa huko uitwao besiboli. Ninyi mlioko nyumbani msiizime redio. Huenda mnaye ndugu huko, na siku moja atawaambia kwamba mwezi huu hawezi kutuma fedha kwa kuwa mtoto ameingia timu. Baada ya somo hili mtajua kama amesema kweli.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, huchezwa na timu mbili za watu tisa tisa. Mrushaji husimama juu ya kichuguu kidogo katikati ya uwanja, akamrushia mpira mpinzani aliyeshika rungu. Huyo akiupiga vizuri hukimbia kuzunguka vituo, na akirudi salama alikoanzia ameipatia timu yake alama moja. Nyuma ya mwenye rungu amechutama mdakaji, aliyevaa kinga mwili mzima. Yatosha kwa leo.

Basi, watoto hucheza kwa njia mbili. Ya kwanza ni ligi ya mtaa. Iliyo maarufu ni Little League, iliyoanzishwa mwaka 1939 na Bwana Carl Stotz katika mji wa Williamsport, Pennsylvania. Mtoto wa mtaa huo huandikishwa, hulipiwa ada ndogo, naye hucheza karibu na kwao. Njia ya pili ni timu ya kusafiri. Hapo watoto hujaribiwa na kuchaguliwa, hutoka mitaa mbalimbali, na timu huenda mashindanoni Jumamosi na Jumapili katika miji mingine, pengine hata jimbo lingine. Aliyechaguliwa mwaka huu aweza kuachwa mwakani.

Watu wengi watakuambia kwamba mtoto asiye na timu ya kusafiri amekwisha potea. Usiyaamini maneno hayo upesi. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika fainali za dunia za Little League huko Pennsylvania, na wakaifunga timu moja ya jimbo la Oregon. Mwaka uliotangulia wenzao wa Uganda walikuwa wamestahili kwenda, lakini walinyimwa viza. Watoto hao walipitia njia ya ligi ya kawaida. Kwa hiyo, kwa mtoto wa miaka minane au tisa, mimi naona ligi ya mtaa inatosha kabisa, ila kama yeye mwenyewe anakulilia kila siku acheze zaidi.

Tuseme anakulilia. Twende kwenye fedha.

Kiongozi wa timu atakutajia ada ya mwaka. Muulize ada hiyo inalipia nini: sare, kiingilio cha mashindano, waamuzi, mazoezi ya ndani wakati wa baridi? Muulize pia kama fedha ya kushika nafasi hurudishwa mtoto akivunjika mkono au ninyi mkihama. Mara nyingi hairudishwi. Omba majibu yote kwa maandishi.

Kisha hesabu yale yasiyomo katika ada. Chukueni kalamu. Huu ni mfano tu. Ada ni dola 1,500. Timu itasafiri mbali mara sita. Kila safari ni hoteli siku mbili kwa dola 130, yaani 260. Petroli dola 100. Chakula cha familia dola 100. Jumla ni 460. Mara sita ni dola 2,760. Mnaona? Zile fedha ambazo hakuna aliyezitaja zimeizidi ada yenyewe. Na bado hujalipa kiingilio cha mlangoni, kwa maana katika mashindano mengi mzazi hulipa ili amtazame mwanawe. Mashindano mengine hulazimisha timu kulala katika hoteli walizozichagua wao, hata kama unaye shangazi katika mji ule ule mwenye vyumba vitatu vitupu.

Kuhusu vifaa, glavu iliyotumika haina aibu. Tena ngozi yake imekwisha lainika. Lakini rungu usilinunue kabla ya kuuliza. Tangu mwaka 2018 Little League hutaka rungu la watoto liwe na alama ya USA Baseball. Mashindano mengi ya kusafiri hukubali marungu ya aina nyingine, yenye kuurusha mpira kwa nguvu zaidi, ambayo Little League huyakataa. Mzazi asiyejua hili hununua rungu la mamia ya dola, na mwamuzi akaliweka kando kabla mchezo haujaanza.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa, nayo ni siku zenu. Wengi wetu huko hufanya kazi za usiku, au huendesha malori, au hutunza wazee Jumamosi na Jumapili. Nani atampeleka mtoto? Fahamuni kwamba michezo ya mtoano huchezwa Jumapili, na timu inayoshinda huendelea kubaki mpaka jioni. Walioshindwa ndio wanaowahi nyumbani. Kama Jumapili ninyi ni watu wa kanisani, au kama mtoto wenu hufunga Ramadhani, mwambieni kocha mapema, si asubuhi ya mchezo. Jibu lake litawafundisha mengi. Na wadogo zake mtoto huyu, watakaa juani siku nzima wakila chipsi? Nao wana haki yao.

Sasa nafika kwenye jambo kubwa kuliko yote, nalo ni mkono wa mtoto. Hapa nawaomba msikilize sana.

Kurusha mpira kwa nguvu huchosha kiwiko na bega, na kiwiko cha mtoto bado kinakua. Mwaka 2014 ligi kuu ya Marekani pamoja na shirika la USA Baseball walitoa mwongozo uitwao Pitch Smart. Unasema kwamba mrushaji wa miaka 9 na 10 asizidishe mirusho 75 kwa siku. Wa miaka 11 na 12, mirusho 85. Wa miaka 13 na 14, mirusho 95. Kisha apumzike. Mtoto wa miaka 14 au chini akirusha mara 21 hadi 35, apumzike siku moja. 36 hadi 50, siku mbili. 51 hadi 65, siku tatu. 66 na zaidi, siku nne. Na kila mwaka awe na miezi minne ya kutorusha.

Tutazame yanayotokea mashindanoni. Tuseme mtoto wako ana miaka 11, naye Jumamosi asubuhi amerusha mara 40. Kwa mwongozo huu apumzike Jumapili na Jumatatu, asirudi kichuguuni mpaka Jumanne. Lakini Jumapili mchana kuna fainali, na kombe linang'aa pale mezani. Mashindano mengine hayahesabu mirusho, huhesabu zamu tu, na zamu moja yaweza kwisha kwa mirusho minane au kwa thelathini. Kwa hiyo kanuni ya shindano yaweza kumruhusu mtoto jambo ambalo kiwiko chake hakiliruhusu.

Swali la kumwuliza kocha, basi, ni hili: Una warushaji wangapi? Michezo minne ya zamu sita sita ni zamu 24. Tukikadiria mirusho 15 kwa zamu, ni mirusho 360. Ukiwagawia watoto watatu, kila mmoja ana 120, na hiyo ni kuwachinja. Hata kama michezo mingine hukatizwa kwa kuishiwa na muda, timu yataka warushaji saba au wanane. Kocha akijibu, “Ninao wawili hodari sana,” mshukuru kwa adabu, uende zako.

Mtoto achezaye timu mbili kwa wakati mmoja, ya mtaa na ya kusafiri, yu katika hatari zaidi, kwa sababu kila kocha huhesabu mirusho yake tu. Wewe mzazi ndiwe karani. Weka daftari. Andika tarehe, idadi ya mirusho, na kama alilalamika maumivu. Tena, aliyekuwa mrushaji asigeuzwe mdakaji mchezo ule ule, maana mdakaji naye hurusha mpira kutwa.

Mwaka 1974 Daktari Frank Jobe wa Los Angeles alitengeneza kiwiko cha mrushaji mashuhuri, Tommy John, kwa kumwekea mshipa uliotolewa mahali pengine mwilini. Siku hizi operesheni hiyo hufanyiwa hata vijana wa shule. Uchunguzi uliowafuata warushaji vijana kwa miaka kumi, ukatangazwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba waliorusha zaidi ya zamu 100 kwa mwaka walielekea kuumia vibaya mara tatu na nusu kuliko wengine. Sidhani liko kombe la watoto wa miaka 11 lenye thamani hiyo.

Huyo kocha mwenyewe ni nani? Mara nyingi ni baba wa mchezaji mmoja, na mara nyingi mwanawe ndiye apewaye nafasi nzuri. Hilo si dhambi, mradi watoto wengine nao wapate kucheza. Nenda ukaitazame timu kabla ya siku ya majaribio, bila kujitambulisha, na ukiweza uitazame siku inaposhindwa. Mtoto akiuangusha mpira, kocha asema nini? Ni nani wanaokaa benchi, nao wanakaa muda gani? Uliza pia kama watu wazima wa timu wamechunguzwa mienendo yao na vyombo husika, na kama ipo kanuni ya kwamba mtu mzima asikae peke yake na mtoto garini wala hotelini. Kocha mwema hatachukizwa na swali hilo.

Na jambo hili mnisamehe nikilisema waziwazi. Kama Kiingereza chako si kizuri, usimfanye mtoto awe mkalimani wa mambo ya fedha za timu. Anaitaka timu, atakutafsiria yale yatakayokufanya ukubali. Tafuta jirani au mtu wa kanisani au msikitini.

Wengine hulipa kwa kutumaini masomo ya bure chuoni. Shirika la michezo ya vyuo, NCAA, hukadiria kwamba katika wachezaji 100 wa besiboli wa shule za sekondari, wapatao 7 tu ndio wachezao katika vyuo vyake. Na hadi mwaka 2025 timu nzima ya chuo cha daraja la kwanza ilikuwa na ruhusa ya kugawa ufadhili 11.7 tu, hivyo wengi walipata vipande vipande. Kanuni zimebadilika sasa, lakini nafasi bado ni chache. Alama nzuri darasani humfungulia mtoto milango mingi kuliko rungu.

Majaribio ya timu nyingi huwa mwishoni mwa Julai na katika Agosti. Mpeleke mtoto akiwa amelala vya kutosha, amevaa suruali ndefu ya mchezo, ana maji yake mwenyewe. Jibu laweza kuja usiku ule ule kwa simu, pamoja na kudaiwa fedha kabla ya kesho. Omba siku mbili za kufikiri, na katika siku hizo zungumza na mzazi ambaye mwanawe aliiacha timu hiyo, si yule aliyomo tu. Mtoto asipochaguliwa, ligi ya mtaa ipo, na katika miji mingi uko mpango wa RBI, ulioanzishwa Los Angeles mwaka 1989 kwa ajili ya watoto wa mijini wasio na uwezo. Uliza ofisi ya bustani na michezo ya mji wenu wakuonyeshe mahali pa kuandikisha.