Damu Inapofuata Kazi

Dereva wa lori anayeshuka kutoka Segera kwenda Dar es Salaam hulazimika kuamua akifika Msata. Akinyoosha, atapita Lugoba na Msoga hadi Chalinze, ajiunge na magari yatokayo Dodoma na Tunduma, kisha mizani ya Vigwaza. Akikata kushoto, ataibukia Bagamoyo. Utingo angali kwenye simu akiulizia foleni ya Mlandizi, na dereva ameshaanza kupanga njia kichwani. Ni sehemu gani ya ubongo inayofanya kazi hiyo, nasi tutaijuaje bila kugusa fuvu lake?

Tunaijua kwa kufuata damu. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia takribani asilimia 20 ya oksijeni yake, na hauna ghala la kuiweka. Sehemu inayoongeza kazi lazima iletewe damu zaidi. Hemoglobini, ile protini inayozipa chembe za damu wekundu wake, ina tabia mbili mbele ya sumaku: ikiwa imebeba oksijeni haivurugi chochote, ikishaitua huuvuruga kidogo uga wa sumaku ulio jirani nayo. Linus Pauling na Charles Coryell walilionyesha hilo mwaka 1936. Mwaka 1990 Seiji Ogawa na wenzake, katika maabara za Bell nchini Marekani, walionyesha kwamba tofauti hiyo inaonekana katika picha za ubongo wa panya zilizopigwa kwa MRI, mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili. Kufikia 1992 makundi kadhaa yalikuwa yameshaipima kwa binadamu.

Hapa pana jambo ambalo bado linanistaajabisha. Mwili haupeleki damu kwa kipimo cha haja. Hupeleka kupita haja. Kwa hiyo sehemu inayofanya kazi hujikuta na hemoglobini nyingi zaidi yenye oksijeni, mvurugo unapungua, na mawimbi yanayopokelewa na mashine yanaongezeka nguvu. Kinachopimwa, basi, ni damu wala si wazo, na damu huchelewa: kilele chake huja kama sekunde 5 baada ya seli kuanza kazi. Lori la mwendo wa kilomita 80 kwa saa litakuwa limeshapita zaidi ya mita 100.

Lori haliingii ndani ya sumaku, na anayepimwa hulala chali, kichwa kimetulia. Hugo Spiers na Eleanor Maguire waliwachukua madereva wa teksi wa London, watu waliokariri maelfu ya mitaa, wakawafanya waendeshe gari ndani ya mchezo wa kompyuta uliouiga mji huo huku wakipimwa. Baadaye kila mmoja alioneshwa safari yake, akaeleza alikuwa akiwaza nini wapi. Matokeo yao ya 2006 yanavutia: hipokampasi, kiungo kidogo cha kumbukumbu kilicho upande wa ndani wa ubongo, ilichangamka hasa abiria alipotaja aendako na njia ikapangwa. Gari likishashika barabara, ilitulia. Kwa dereva wetu, ningeitazamia ichangamke Msata, si kwenye mnyoosho wa Lugoba.

Zile rangi nyekundu na njano tunazoziona magazetini hupakwa na programu baada ya kulinganisha hali mbili, ya kazi na ya mapumziko, katika maelfu ya vijisehemu. Ukilinganisha mara nyingi hivyo, baadhi vitajitokeza kwa bahati tu. Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake walimpima samaki aina ya salmoni, aliyekufa, huku "akioneshwa" picha za watu. Bila kusahihisha hesabu, ubongo wake ulionyesha vidoa vya "kazi". Mtafiti asiyesema alisahihishaje, simwamini.

Hospitalini kipimo hiki humsaidia daktari anayetaka kuondoa uvimbe ulio karibu na eneo la lugha. Mgonjwa huombwa kutaja majina kimoyomoyo, kisha apumzike, kwa zamu. Aliyekulia Chalinze akizungumza Kikwere na Kiswahili apewe kazi hiyo kwa lugha hizo. Akipewa Kiingereza cha darasani, picha inaweza kuonyesha jitihada ya kutafsiri. Hata hivyo, damu huonyesha sehemu inayoshiriki, haithibitishi kwamba bila hiyo mtu hawezi kusema. Ndiyo maana wapo madaktari wanaomwamsha mgonjwa katikati ya upasuaji, wakagusa eneo hilo kwa umeme mdogo huku akitaja majina ya vitu, na kusikiliza kama ulimi utakwama.