Hali ya hewa Kibosho: Kalenda ya mvua ndiyo kalenda ya fedha

Mfanyabiashara wa Moshi anayekodisha mahema, anayepeleka mboga kwa kampuni za utalii au mwenye gari la kubeba wageni anaijua bei ya dizeli na ya nyanya. Wachache wanafuatilia bidhaa ambayo ndiyo inayopanga mapato yao: hali ya hewa. Wiki hii ukurasa huu unaangalia Kibosho, eneo lililo kati ya Uru na Machame, ambako njia ya Umbwe inaanza kupanda Mlima Kilimanjaro.

Jambo la kwanza kulielewa ni kwamba utabiri wa Moshi mjini si utabiri wa mlimani. Kwa wastani joto hupungua kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kambi ya Barranco, ambako njia ya Umbwe inaungana na ile ya Machame, iko karibu mita 3,900, yaani takriban mita 3,000 juu ya mji wa Moshi. Mjini kukiwa na nyuzi 30 mchana, pale Barranco tegemea kama 12, na usiku maji huweza kuganda. Mgeni aliyekodishiwa mfuko mwepesi wa kulalia kwa sababu Moshi kuna joto hatarudi tena kwa mkodishaji huyo, na wenzake watazisikia habari zake.

Mvua nayo haigawanyiki sawa. Moshi mjini hupata chini ya milimita 1,000 kwa mwaka. Katika msitu wa upande wa kusini, juu ya Kibosho, kwenye mita 2,000 na kitu, kiasi hicho huzidi mara mbili. Ukipita msitu mvua hupungua haraka, na kileleni, mita 5,895, hali inakaribia jangwa. Upande wa kaskazini, ambako njia ya Rongai huanzia, ni mkavu zaidi. Ndiyo maana wakati wa masika baadhi ya mawakala huwahamishia wageni huko. Mwenye mzigo wa kuuza Umbwe mwezi wa Aprili akumbuke hilo.

Kwa nini asubuhi?

Wenyeji wanajua kwamba Kibo huonekana alfajiri, halafu hujifunika. Sababu yake ni rahisi. Jua likipasha mteremko, hewa hupanda ikibeba unyevu wa migomba na msitu, hupoa ikiwa juu na kugeuka mawingu. Ikifika mchana huwa mvua au ukungu. Usiku hewa baridi hushuka na anga hufunguka. Kwa mwenye nyumba ya wageni, maana yake ni chai saa kumi na moja na nusu alfajiri, si saa tatu. Mgeni aliyelipia kuuona mlima akilala hadi jua likiwa juu, ataondoka akidai hakuna mlima.

Miezi ya Juni hadi Agosti ina mtego wake. Vitabu vya wageni huiita kiangazi, na kweli juu ya mita 3,000 siku nyingi ni angavu. Lakini Kibosho kwenyewe wingu zito hutanda, kuna manyunyu na baridi, na njia ya msituni hubaki na tope. Mgeni huanza safari akiwa amelowa ili akaukie juu. Hiyo ni habari njema kwa mwenye kukodisha makoti ya mvua na viatu.

Mito haitazami jua la Moshi

Mito Karanga na Weruweru hutoka mlimani, hupita kwenye makorongo marefu na kuishia Kikuletwa, kisha Pangani. Mvua ikinyesha msituni mchana, maji yanaweza kujaa huku chini kukiwa na jua kali. Anayepeleka wageni kwenye maporomoko asitazame mawingu ya kichwani pake tu. Maji yakibadilika rangi kuwa ya udongo, yakianza kubeba majani na vijiti, au mlio wa mto ukiongezeka, wageni watolewe korongoni mara moja. Kurudisha nauli ya safari moja ni hasara ndogo kuliko msiba.

Kibiashara, maporomoko hupendeza zaidi Juni na Julai, mito ikiwa bado imeshiba maji ya masika. Septemba na Oktoba, na pia Februari, maji hupungua, na mifongo ya Wachagga nayo huchukua sehemu yake kumwagilia mashamba. Haifai kumuuzia mgeni wa Oktoba picha ya maporomoko ya Mei.

Mwaka usio wa kawaida

Kalenda hii huvunjika. Miaka ya El Niño, na pale Bahari ya Hindi ya upande wetu inapopata joto kuliko kawaida, vuli huwa kubwa. Ilitokea 1997, 2019 na 2023. Mvua zilizofuata hadi Aprili 2024 zilileta mafuriko sehemu nyingi nchini, na Waziri Mkuu aliliambia Bunge mwezi huo kwamba watu 155 walikuwa wamefariki. Kinyume chake, vuli ikichelewa mlima hukauka. Oktoba 2020 moto uliteketeza kilometa za mraba zaidi ya 90 za uoto wa mlimani, na Oktoba 2022 mwingine ulianzia karibu na kambi ya Karanga, upande huu wa kusini.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa mvua za masika na za vuli kabla ya kila msimu kuanza, kwa kanda. Kilimanjaro imo kwenye kanda ya misimu miwili. Taarifa hiyo haigharimu kitu. Mwenye duka anayeisoma kabla ya kuagiza mzigo ana faida kuliko jirani anayeagiza kwa mazoea.

Hesabu ya mkopo

Sasa tuingie mfukoni. Kwa mwaka wa kawaida biashara ya mlima husinyaa Aprili, Mei na Novemba. Benki haisinyai. Tuseme umekopa kununua mahema na rejesho ni shilingi 600,000 kila mwezi. Miezi hiyo mitatu inadai shilingi 1,800,000 ambazo hazitaingia. Ukizigawanya kwa miezi tisa ya kazi, unapaswa kutenga shilingi 200,000 za ziada kila mwezi. Basi mzigo wako halisi si 600,000, ni 800,000. Biashara isiyoweza kuubeba mzigo huo mwezi wa Agosti isichukue mkopo huo. Ipo njia nyingine: kabla ya kusaini, mwombe mkopeshaji apange marejesho makubwa miezi ya wageni na madogo miezi ya mvua. Ukisubiri kuomba Mei, utaonekana mdaiwa sugu.

Wapagazi, ambao Moshi huitwa wagumu, huumia miezi hiyo hiyo. Mama ntilie na muuza mitumba wanaowategemea wapunguze mikopo ya kaunta kuanzia mwishoni mwa Machi.

Kwa muhtasari, mpangilio wa mwaka ni huu:

Januari na Februari: kukavu, kuna joto, wageni wapo, mito inapungua.

Machi: wageni hupungua kadiri mvua inavyokaribia, uza, usiagize.

Aprili na Mei: masika; shona mahema, tengeneza gari.

Juni hadi Oktoba: msimu mkuu, chini ukungu, juu jua. Oktoba angalia moto.

Novemba: vuli, fedha iliyotengwa ifanye kazi.

Desemba: mvua huweza kuendelea, lakini wageni wa Krismasi na Mwaka Mpya huja hata hivyo. Makoti ya mvua yawe tayari dukani kabla ya tarehe 15.