Adabu ya Chaneli: Mila za Watu wa IRC

Watu wa IRC, mfumo wa kuchati kwa maandishi kupitia intaneti, hutambuana kwa namna wanavyouliza. Mgeni huingia kwenye chaneli, yaani chumba cha mazungumzo, husalimia, kisha huandika: “Samahani, naomba kuuliza swali.” Hapo husubiri aambiwe aulize, na mara nyingi haambiwi. Mwenyeji hueleza shida yake yote kwa sentensi mbili tatu: anatumia toleo gani la programu, ameona ujumbe gani wa hitilafu, na amekwisha kujaribu nini. Kisha huendelea na shughuli zake, dirisha akaliacha wazi. Jibu laweza kuja baada ya saa moja au saa tano, maana anayelijua huenda yuko Helsinki na bado amelala. Sisi tumelelewa kubisha hodi kabla ya kusema haja. Kule, kuomba ruhusa ya kuuliza ni kumpotezea mwenzako muda. Heshima ni kumwekea mbele yake swali lililokamilika.

Jamii hii ilizaliwa Ufini. Agosti 1988, Jarkko Oikarinen wa Chuo Kikuu cha Oulu aliandika programu ya kuwawezesha watu wengi kuzungumza kwa maandishi kwa wakati mmoja. Mwaka 1993 yeye na Darren Reed waliandika kanuni za mfumo huo katika hati iliyowekwa wazi kwa kila mtu. Kanuni zikiwa wazi, yeyote mwenye kompyuta angeweza kuendesha seva, na yeyote mwenye ujuzi angeweza kutengeneza programu yake ya kuingilia. Hapana IRC moja yenye mwenyewe, bali mitandao mingi: EFnet, Undernet, DALnet, IRCnet na mingine. Kanuni zilieleza jinsi ujumbe unavyosafiri. Jinsi watu watakavyoishi pamoja hazikueleza, na pengo hilo watu walilijaza kwa mila.

Mila hizo huonekana vizuri ukifungua HexChat, programu huria ya kuchati iliyotumiwa na wengi kwenye kompyuta za mezani. Kushoto kuna orodha ya chaneli, majina yakianza na alama ya #. Katikati mazungumzo hupanda mstari kwa mstari. Kulia yamepangwa majina ya waliomo, na juu kabisa umeandikwa mstari wa mada: sheria za chaneli na mahali pa kusoma kabla ya kuuliza. Usiposoma mada, utaambiwa ukaisome. Ukitaka kumsemesha mtu, unaandika herufi za kwanza za jina lake, unabonyeza kitufe cha Tab, jina linakamilika lenyewe. Kwenye skrini yake, jina la chaneli hiyo hubadilika rangi. Mistari ishirini ya msimbo haimwagwi kwenye chaneli, kwani itafukuza mazungumzo ya wengine. Huwekwa kwenye ukurasa wa pembeni, na kinacholetwa ni kiungo tu. Wala mtu hafuatwi faraghani kabla ya kuombwa idhini. Jibu likitolewa hadharani, ishirini waliokaa kimya hujifunza pamoja na yule mmoja aliyeuliza.

Kila mtu hujichagulia lakabu. Kanuni za mwanzo ziliruhusu herufi tisa tu, na wako wanaotumia lakabu ileile tangu enzi hizo. Umri, cheo na shahada haviandikwi popote. Mtu hujulikana kwa majibu aliyotoa, na katika baadhi ya chaneli ukiandika lakabu yake ikifuatwa na alama mbili za kujumlisha, roboti, yaani programu inayojiendesha yenyewe, humwongezea alama moja ya shukrani. Hapo kijana wa miaka 16 huweza kumfundisha mhandisi mwenye mvi, na hakuna anayeona ajabu.

Uongozi nao una staha yake. Msimamizi wa chaneli anaweza kumtimua mtu au kumfungia asirudi, na alama ya @ mbele ya jina lake ndiyo dalili ya mamlaka hayo. Lakini katika mitandao ya watengenezaji wa programu huria, desturi ni msimamizi kukaa bila alama hiyo, akaichukua pale tu penye fujo, kisha akaivua. Mimi huipenda desturi hii kuliko zote. Mkubwa huketi na wenzake akizungumza kama wao, na ugomvi mwingi huisha kwa neno la upole kabla adhabu haijaguswa.

Utani pia upo. Programu ya mIRC, iliyoanza mwaka 1995, ilikuwa na amri ya kumchapa mwenzako kwa samaki mkubwa, na hadi leo wakongwe huchapana samaki kwa maneno. Kazi ikija, utani huwekwa kando: katika mikutano ya miradi ya programu huria kama Debian, roboti huandika kumbukumbu, maazimio na jina la aliyekabidhiwa kila jukumu.

Mila hizi zilitiwa majaribuni mwaka 2021. Mtandao wa freenode, uliolelewa kwa miaka mingi na Rob Levin hadi alipofariki mwaka 2006, ulikuwa makao ya maelfu ya miradi ya programu huria. Mzozo ukazuka juu ya nani hasa anaumiliki. Mei 19, wafanyakazi wake wa kujitolea walijiuzulu kwa wingi na kuanzisha mtandao mpya, Libera.Chat. Ubuntu, Gentoo na Wikimedia zikahamia huko. Mwezi uliofuata freenode ilifuta kumbukumbu za zamani za usajili wa lakabu na chaneli. Watu walipoteza makao, lakini hawakupotezana. Walifika Libera na majina yaleyale, chaneli zilezile na sheria zilezile, wakaendelea na kazi. Walichohitaji kubadilisha kwenye programu zao ni anwani ya seva.

Hata HexChat ina historia ya aina hiyo. Peter Železný alitoa XChat mwaka 1998. Toleo lake la Windows lilipoanza kulipiwa, wengine waliuchukua msimbo uliokuwa wazi na kuuendeleza, na mwaka 2012 kazi yao ikaitwa HexChat. Februari 2024 ilitoka HexChat 2.16.2, na mtunzaji wake akatangaza kuwa ndilo toleo la mwisho. Msimbo bado uko wazi kwa atakayetaka kuupokea, na asiyetaka anaweza kuingia chaneli ileile kwa programu nyingine kama WeeChat au irssi.

Leo wengi wetu tunazungumza katika makundi ambayo kampuni moja inamiliki seva, programu, na kumbukumbu zetu zote. Ni rahisi kuyatumia, na sisemi tuyahame. Nasema kila kundi linalojali kudumu lijiulize kama sheria zake zimeandikwa mahali pa kila mwanachama kusoma, kama viongozi wake wanajua kuvua mamlaka, na kama wanachama wangejua pa kukutana mlango wa sasa ukifungwa kesho. Watu wa IRC walikuwa na majibu tayari siku walipoulizwa.