UZI: Kodi ya soda na maandishi ya kwenye chupa, kabla hatujaanza kurushiana maneno

Msimu wa Mswada wa Fedha ukifika, hoja ya soda haikosi. Mmoja anashika kipaza sauti anasema tuongeze ushuru kwa sababu kisukari kinatumaliza. Mwingine anamjibu ati huo ni wizi kwa mnyonge, watu waandikiwe tu kwenye chupa kisha wajichagulie. Sisi huku tunagawanyika kulingana na nani tunampenda. Leo tuwaache hao wawili kando. Nataka tuangalie vile maandishi na bei hufanya kazi mtu akiwa dukani na hamsini yake mkononi.

Juzi nilinunua kola ya nusu lita nikasema leo nitasoma lile jedwali la nyuma. Herufi ni ndogo mpaka nikawasha tochi ya simu. Sukari: gramu 10.6. Nikaona, aah, si mbaya. Kumbe hizo ni za kila mililita 100, na chupa ni 500! Piga hesabu: gramu 53. Kijiko cha chai hubeba kama gramu 4, kwa hivyo ni vijiko 13. Hebu jaribu kuweka vijiko 13 kwa kikombe chako mamako akikutazama. Shirika la Afya Duniani linapendekeza sukari za aina hii zisizidi kama gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ikiwezekana zishuke hadi 25.

Jedwali halikunidanganya. Lakini ilibidi niwe na tochi, muda na hesabu za darasa la sita ndio linifae. Na mimi nilikuwa nimeshalipa. Madukani mwetu mengi unanunua kupitia waya, chupa unaishika baada ya pesa kwenda.

Kule Baltimore, Marekani, watafiti walienda kwa maduka madogo ya mitaa ya watu wa kipato cha chini wakabandika mabango. Bango moja lilitaja kalori. Lingine liliuliza kama unajua kwamba kuichoma chupa hiyo ya soda kunahitaji kama dakika 50 za kukimbia. Vijana walipunguza kununua, na lile la kukimbia ndilo lililowagusa zaidi. Habari ni ile ile, ila hii ya pili unaielewa ukiwa umesimama kwa foleni.

Chile walienda mbali zaidi. Tangu 2016, bidhaa iliyopita kiwango cha sukari hubeba alama nyeusi ya pembe nane mbele ya pakiti, haifichwi nyuma. Ununuzi wa vinywaji vyenye alama hiyo ulishuka kwa karibu asilimia 24 katika kipindi cha mwanzo. Lakini tusidanganyane, sheria hiyo hiyo ilifungia matangazo ya kuwalenga watoto na kuviondoa vinywaji hivyo shuleni. Si kibandiko peke yake. Halafu kuna msomaji wa alama ambaye huwa tunamsahau: kiwanda. Kampuni nyingi zilipunguza sukari ndio zisibandikwe ile nyeusi.

Sasa bei, na hapa naomba mtulie kidogo.

Sheria yetu ya Ushuru wa Bidhaa ya 2015 iliweka maji ya chupa na soda kwenye mstari mmoja: shilingi 5 kwa lita. Viwango vimeongezwa baadaye, lakini angalia huo mpangilio. Soda ya mililita 300, ushuru shilingi 1.50. Maji ya nusu lita, shilingi 2.50. Maji yalilipa zaidi! Kilichohesabiwa ni ujazo, sukari haikuulizwa. Kwa hivyo mtu akisimama na ushuru wa namna hiyo akaniambia ni wa afya, mimi namwambia ni wa mapato. Mapato si dhambi, serikali inahitaji pesa, ila tuitane kwa majina yetu.

Afrika Kusini waliandika tofauti. Kuanzia Aprili 2018, gramu 4 za kwanza katika kila mililita 100 hazilipiwi, kisha kila gramu ya ziada ilitozwa senti 2.1 za randi. Kiwanda kikipunguza sukari, kinapunguza kodi yake chenyewe. Watafiti waliofuatilia manunuzi ya familia za mijini walikuta sukari kutoka vinywaji hivyo imeshuka kutoka kama gramu 16 kwa mtu kwa siku hadi chini ya 11. Sehemu ya huo upungufu ni watu kununua kidogo, sehemu ni viwanda kubadilisha mapishi. Wengine hujaza pengo kwa vitamu visivyo na kalori, na hivyo navyo Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2023 tusivitegemee kupunguza uzito.

Haya, mnyonge. Hoja yake ni ya kweli na siipuuzi. Fundi wa mjengo ambaye chakula chake cha mchana ni soda na nusu mkate hanunui anasa, ananunua nguvu za bei ya chini. Mexico walipoweka peso 1 kwa lita mwaka 2014, manunuzi yalishuka kwa wastani wa asilimia 6 mwaka huo, na familia maskini ndizo zilizopunguza zaidi. Anayepunguza anaokoa pesa na afya. Asiyeweza kupunguza analipa, basi. Ndiyo maana swali langu kwa wagombea wote ni moja: fundi akiiacha soda, pale kwenye mjengo kuna maji safi ya bei gani? Nilipouliza kwa jirani yangu mwenye duka, maji ya nusu lita na soda ndogo zilikuwa karibu bei moja. Nani atachagua maji akiwa na njaa?

Na wale mtakaokuja kwa komenti na mkulima wa miwa: mnajua sukari nyeupe ya viwanda vya soda kwa kiasi kikubwa tunaiagiza kutoka nje? Mkulima wa magharibi ana kesi yake kubwa, lakini si hii.

Mmoja ameshaniuliza kwa inbox kuhusu chai. Ni kweli, kodi ya soda haigusi kikombe cha chai chenye vijiko vinne, na hakuna alama nyeusi itakayobandikwa kwa birika la nyumbani. Mimi mwenyewe niko kwa viwili na nusu, bado nashuka.