Wamama watano wa Kongo waliochukuliwa utotoni kwa sababu ya rangi yao, na hukumu iliyochelewa miaka sabini

Tarehe 2 mwezi wa 12 mwaka 2024, mahakama ya rufaa ya Brussels ilitoa hukumu iliyokuwa ikingojewa na wamama watano wenye umri wa zaidi ya miaka sabini. Majaji walisema kwamba Ubelgiji ilitenda uhalifu dhidi ya ubinadamu ilipowatoa mikononi mwa mama zao wakiwa bado watoto wadogo. Sababu ilikuwa moja tu: mama alikuwa mweusi, baba alikuwa mzungu.

Wamama hao ni Léa Tavares Mujinga, Monique Bitu Bingi, Noëlle Verbeken, Simone Ngalula na Marie-José Loshi. Wote walizaliwa Kongo wakati wa ukoloni. Kati ya mwaka 1948 na 1953, kabla hata mmoja wao hajatimiza miaka saba, walipelekwa katika misioni ya Katende, huko Kasai, kwa masista wa Mtakatifu Vincent wa Paulo. Mama zao hawakukubali. Jamaa walitishiwa adhabu wasipomtoa mtoto, na mbele ya msimamizi wa teritwari na askari wake, mtu wa kijiji angesema nini?

Wazee wa Lubumbashi, Bukavu au Kisangani hawahitaji kuelezwa sana namna koloni lilivyopangwa. Wazungu walikuwa na mtaa wao, hospitali yao, masomo yao. Weusi walikaa cité. Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, kulikuwa hata na eneo lililoachwa wazi kati ya mji wa wazungu na cité, ili watu wasikaribiane. Mweusi aliyesoma, yule aliyeitwa evolue, aliweza tangu mwaka 1948 kuomba kadi ya kuonyesha kwamba amestaarabika, na kuanzia mwaka 1952 kulikuwa na daraja la juu zaidi. Lakini kabla ya kulipata, wachunguzi walifika nyumbani kwake kutazama anakulaje, analalaje, na bibi yake anatunza nyumba namna gani.

Katika mpango wa namna hiyo, mtoto metisi alikuwa tatizo. Kumweka na wazungu ilikuwa kukubali kwamba damu si mpaka. Kumwacha kijijini na weusi ilikuwa aibu kwa wazungu, maana uso wake uliwatangazia watu wote mambo ambayo bwana mkubwa alifanya usiku. Tena wakubwa wa koloni waliogopa kwamba siku moja metisi wangekuja kuongoza uasi. Basi wakatafutwa, wakaandikwa, wakachukuliwa. Hesabu kamili haijulikani, lakini makadirio yanayotajwa mara nyingi kwa Kongo, Rwanda na Burundi pamoja yanafikia watoto 20,000.

Kalamu ilifanya kazi kubwa kuliko bunduki. Baba wengi walijulikana vizuri: walikuwa watumishi wa serikali, wafanyabiashara, watu ambao kijiji kizima kiliwaona. Lakini wengi hawakumtambua mtoto mbele ya sheria, na kwenye karatasi ikaandikwa kwamba baba hajulikani. Mtoto asiye na baba kwenye karatasi alihesabiwa kuwa mtoto aliyetupwa, na mtoto aliyetupwa alikuwa chini ya ulinzi wa serikali. Mama aliyembeba mgongoni hakuhesabiwa. Katika familia yoyote ya Kongo, mtoto mwenye mama, nyanya na wajomba hawezi kuitwa aliyetupwa. Ilibidi kwanza watu hao wote wafutwe kwenye daftari ndipo neno hilo lipate maana. Wengi walibadilishiwa majina, wengine hata tarehe ya kuzaliwa.

Wale waliokulia misioni wamesimulia kwamba waliitwa watoto wa dhambi. Dhambi ya nani, hawakuambiwa.

Uhuru ulipofika tarehe 30 mwezi wa 6 mwaka 1960, na vita vikaanza Kasai, wazungu waliondoka. Wasichana wa Katende waliachwa. Serikali iliyojiita mlinzi wao haikuwachukua, kwa kuwa mbele yake hawakuwa Wabelgiji. Waliangukia mikononi mwa watu wenye silaha, na mabaya waliyotendewa wasichana hao, wamama wenyewe waliyaeleza miaka mingi baadaye, wakiwa tayari na watoto na wajukuu. Baadhi ya watoto na wajukuu hao walikuwa hawajawahi kusikia habari hiyo.

Hali ilikuwa tofauti kidogo kwa majirani wetu. Huko Save, Rwanda, watoto metisi waliwekwa katika nyumba ya masista, na uhuru ulipokaribia, kati ya mwaka 1959 na 1962, karibu 300 walipandishwa ndege kwenda Ubelgiji na kugawanywa katika familia na nyumba za yatima. Kaka na dada walitenganishwa. Wengine walikaa miaka mingi bila kujua kwamba mama yao bado yuko hai.

Habari hizi zilibaki kimya kwa muda mrefu. Mmoja wa waliozifufua ni Assumani Budagwa, mhandisi ambaye hakuwa mwanahistoria wa kazi. Alitumia miaka akichambua nyaraka za koloni huko Ubelgiji, na mwaka 2014 akatoa kitabu juu ya metisi. Watoto wa Save nao, sasa wazee, walikuwa wakipiga kelele. Mwaka 2017 maaskofu wa Ubelgiji waliomba msamaha. Mwaka 2018 bunge lilipitisha azimio. Na tarehe 4 mwezi wa 4 mwaka 2019, Waziri mkuu Charles Michel alisimama bungeni na kuomba msamaha kwa jina la serikali.

Msamaha huo haukuja na fidia yoyote. Ndipo mwaka 2020 wamama watano wa Katende wakaenda mahakamani.

Mara ya kwanza walishindwa. Mwishoni mwa mwaka 2021, mahakama ya Brussels ilisema, kwa ufupi, kwamba mambo yaliyotendwa yanaweza kuwa mabaya kwa macho ya leo, lakini wakati ule hayakuhesabiwa kuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Hoja hiyo ni ya hatari kuliko inavyoonekana. Ukiikubali, mkoloni ndiye anayetunga sheria, na sheria hiyohiyo ndiyo inayomsafisha.

Mahakama ya rufaa haikuikubali. Ilirudi kwenye kesi ya Nuremberg, ambako wakubwa wa Wanazi walihukumiwa baada ya Vita vya pili vya dunia, na kwenye Umoja wa Mataifa, ambao tangu mwaka 1946 ulithibitisha kanuni za kesi hiyo. Ubelgiji ilikuwa mwanachama. Wasichana wa Katende walianza kuchukuliwa mwaka 1948. Kwa hiyo serikali hiyo, iliyoumizwa yenyewe na vita hivyo, ilijua tayari kwamba kuwatesa watu kwa sababu ya asili yao ni uhalifu. Majaji walisema kulikuwa na mpango wa kuwatafuta na kuwateka watoto hao, na kwamba uhalifu wa aina hiyo haufutwi na wakati. Kila mmoja wa wale watano alipewa euro 50,000, kiasi kilekile walichoomba.

Hukumu inawahusu hao watano tu. Metisi wengine waliochukuliwa, wa Kongo, Rwanda na Burundi, wako katika umri wa kuhesabu siku, na kwa wengi wao jambo la kwanza wanalotaka si pesa bali faili: baba alikuwa nani, mama alitoka kijiji gani. Azimio la mwaka 2018 lilidai nyaraka za koloni zifunguliwe na zichunguzwe, na idara ya taifa ya nyaraka ya Ubelgiji ilianza kazi hiyo. Ila ili faili ipatikane, mtu anapaswa kwanza kujua aliandikwa kwa jina gani siku alipochukuliwa, na hilo ndilo jina walilobadilishiwa.